Maduka Mawili ya Nyuzi

Mwenye duka la nyuzi za gitaa tulimwita Jaji, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Duka lake ndilo pekee lililokuwa la aina hiyo katika eneo letu lote. Mtu akija kununua nyuzi, hata uzi mmoja tu uliokatika, hakuuziwa mpaka apige kwanza. Jaji alitungua gitaa la ukutani, akamkabidhi, akaegemea kaunta, akasema, "Piga nisikie." Ukishapiga, anatoa hukumu mbele ya wote waliopo.

Mimi nashona nguo. Cherehani yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa hiyo hukumu hizo nilizisikia kwa miaka kumi na moja, kama mtu anavyosikia redio ya jirani bila kuiomba. Haya ninayosimulia, mengine niliyasikia hivyo, mengine niliyaona, na mengine mkewe aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, akiwa amekaa kwenye benchi langu la wateja ananisaidia kushona vifungo.

"Wewe nikikuuzia nyuzi nitakuwa nimeshiriki dhambi," Jaji alimwambia mwalimu mmoja wa shule. "Nenda duka la vifaa vya ujenzi, kanunue waya wa kufungia nondo. Kwako ni kitu kilekile."

Kwa mzee mmoja mstaafu wa posta alisema, "Mzee wangu, vidole vyako vinatembea kama vinatafuta choo gizani."

Watu walivunjika mbavu. Aliyehukumiwa naye alicheka, maana asipocheka ataonekana amechukia, na akichukia ndiyo ataongezewa. Kisha ananunua, kwa sababu hakuna pengine pa kununua. Na nisimwonee: nyuzi zake zilikuwa nzuri, na kazi aliijua. Alitazama gitaa lako mara moja, akaona shingo imeanza kupinda, akakuambia uache nyuzi nzito uchukue nyepesi kabla mbao haijapasuka. Ulitoka pale gitaa lako limepona na wewe mwenyewe unaumwa.

Mkewe alikaa nyuma ya pazia. Nyuzi zilikuja kutoka kwa msambazaji zikiwa mafungu makubwa, naye alizipanga sita sita, akazikunja duara, akazitia kwenye bahasha pamoja na kipande cha karatasi ngumu ili zisipinde. Alijua unene wa uzi kwa kuushika tu, macho yake yakiwa kwingine. Mteja akiuliza huyo mama wa nyuma naye anapiga gitaa, Jaji alijibu, "Huyo? Mlango ukilia hajui kama ni mlango au mbuzi." Ni kweli mkewe hakuwahi kupiga gitaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka.

Walikuwa na binti mmoja, ameolewa mji mwingine, anafanya kazi katika ofisi ya bima. Alimpigia baba yake simu kila Jumapili. Siku hiyo nilimsikia Jaji wa aina nyingine kabisa. Alikuwa anachekacheka, anauliza kama mwanangu umekula, mwanangu usichoke sana, hiyo mvua isikunyeshee. Simu ikikatika anakaa nayo mkononi muda, halafu anarudi kuwa Jaji.

Zamani alipiga gitaa katika bendi ya hoteli. Waliomsikia enzi hizo wanasema alikuwa hatari. Lakini kulikuwa na jambo ambalo wateja hawakulijua. Miaka sita hivi kabla ya haya, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilianza kukakamaa. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, baadaye ikawa siku nzima, na vifundo vikavimba. Dukani mkono huo ulikaa mfukoni. Akitaka kujaribu uzi, aliudonoa kwa mkono wa kulia basi. Nyumbani, mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, na hawakuwahi kulizungumza.

Hata hivyo gitaa lake hakuliacha. Mara moja moja alijifungia chumbani akapiga. Sauti ikitoka mbaya alizing'oa nyuzi zote sita, akazitupa. "Nyuzi za siku hizi takataka," anasema. Wiki inayofuata anafunga mpya, na hizo nazo anazitupa. Mkewe alidhani mumewe anajua ukweli, na kwamba hayo maneno ya nyuzi ni aibu tu inamsumbua. Baadaye sana ndiyo akagundua kwamba mwanaume yule hakuwa anaona aibu yoyote. Alikuwa anaamini.

Siku moja alasiri alikuja muuguzi wa zahanati, bado yuko na sare zake, amebeba gitaa la kwaya. Uzi wa tatu ulikuwa umekatika. Jaji akampa gitaa la ukutani. Muuguzi akapiga wimbo wa kwaya, polepole, kwa woga, lakini mimi niliyekuwa ng'ambo ya ukuta sikuona ubaya wake. Jaji alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Wewe unachoma watu sindano?" akauliza.

"Ndiyo, nachoma."

"Kwa mkono huohuo?"

Watu wakacheka. Muuguzi naye akatabasamu, akaweka gitaa chini.

"Na kwenye kwaya hawakuambii ukweli," Jaji akaendelea. "Wanakuvumilia kwa sababu ya yule mtoto uliyemzika. Wanaogopa kukuongezea uchungu. Mimi sikuogopi, ndiyo maana nakwambia."

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi mguu wangu uliganda kwenye pedali. Muuguzi aliokota gitaa la kwaya, akatoka bila uzi. Nikasikia Jaji akisema, "Jamani, nimesema uongo?"

Mkewe alikuwa amesikia yote kule nyuma. Akatokea mlango wa uani, akamkimbilia yule muuguzi mpaka kwenye bomba la maji, akamtia uzi wa tatu mkononi.

"Ukihitaji tena, usije hapa," alimwambia. "Nitumie ujumbe. Nitakuletea."

Ndivyo duka la pili lilivyoanza. Muuguzi alimwambia mpigaji mwenzake wa kwaya, yule akamwambia wa kwaya nyingine, na baada ya miezi michache ujumbe ulikuwa unaingia mpaka simu inajaa. Muuguzi ndiye aliyekaa naye siku ya mapumziko, hapahapa kwangu, akamfungulia ukurasa kwenye soko la mtandaoni. Wakaliita Nyuzi Sita. Jina la mwenye duka hawakuliandika.

Mke wa Jaji alichukua mzigo kwa msambazaji yuleyule, kwa fedha aliyoipata kwangu kwa kushona. Mzigo wenyewe ulikaa chini ya meza yangu, umefunikwa vitambaa vya bitana. Mwenye pikipiki alipita kila asubuhi kuchukua vifurushi mlangoni kwangu, na Jaji akimwona alidhani anachukua nguo za wateja.

Na mwanamke yule alikuwa muuzaji kwelikweli. Mtu akiandika kwamba nyuzi zake zinakatika upesi, anamwomba picha ya shingo ya gitaa, picha ya pale nyuzi zinapolala, kisha anamwambia, "Ndugu, chukua nyepesi, na hapo kwenye ukingo pitisha msasa kidogo, pana makali." Miaka yote alikuwa amesikia ushauri wa mumewe kupitia pazia. Sasa aliutoa uleule, akaacha matusi. Watu walimwandikia asante ndefu, wengine wakimwita kaka, wengine mwalimu. Duka likapata nyota tano kasoro kidogo.

Kabla ya mwaka kwisha, duka la Jaji lilikuwa kimya. Watu walipita na magitaa mgongoni, nyuso wamezigeuzia upande wa pili. Nilimwona mwalimu yule wa waya wa nondo akivuka barabara ili asipite mlangoni. Jaji alikaa kwenye kaunta akitazama nje.

"Watarudi," aliniambia nikipita. "Nyuzi za mtandaoni ni kutu iliyopakwa rangi. Mtu ananunua kitu ambacho hajakishika, hajakisikia, kwa mtu ambaye hajamwona uso. Ngoja ziwakate vidole."

Chakula alichokula kilitoka kwenye duka hilohilo. Mkewe alimwambia kazi yangu ya vifungo imeongezeka. "Haya," alisema Jaji, "nami nilidhani umeolewa na mwanamuziki, kumbe mwanamuziki analishwa na fundi wa vifungo." Akacheka peke yake.

Ilipopita miezi bila wao kurudi, akaamua kuwaonyesha. Aliagiza seti moja kutoka Nyuzi Sita kwa jina la kubuni, ipelekwe kwa kinyozi aliye mkabala naye. Kifurushi kilipofika alikichukua, akavuka nacho, akakifungulia kwenye kaunta yake mbele ya kinyozi na wateja wawili waliokuwa wanasubiri kunyolewa, aliowaita ili wajionee uchafu huo. Akazichomoa nyuzi. Akazipapasa moja moja. Kinyozi anasema uso wake ulianza kubadilika hapo, kwa sababu nyuzi zilikuwa nzuri. Kisha akachomoa karatasi ngumu iliyozishikilia.

Ilikuwa imekatwa kwenye kalenda ya ofisi ya bima, ile aliyoileta binti yao, iliyokaa ukutani sebuleni kwao mwaka mzima uliopita. Kwenye tarehe mojawapo palikuwa na duara la wino. Duara hilo alilichora Jaji mwenyewe, kwenye siku ambayo binti alikuwa anakuja kuwatembelea.

Akakitia kipande kile mfukoni. "Si mbaya sana," akawaambia. "Nilitarajia mbaya zaidi." Akawageuzia mgongo, akaanza kufuta kaunta.

Nyumbani alikula, akasifu mboga, jambo ambalo mkewe alilikumbuka baadaye kwa sababu halikuwa la kawaida. Siku ya pili akaagiza tena. Siku ya nne akaandika maoni ya kwanza na kutoa nyota moja: nyuzi zinakoroma, hazishiki sauti. Akaagiza kwa jina lingine, akaandika tena: nyuzi zilikatika zikamchapa mtoto wangu usoni. Mtoto gani, hakuna. Akaandika kwamba muuzaji ni tapeli, kwamba hajui hata anachouza, kwamba afadhali ununue waya wa kufungia nondo.

Alipofika hapo mkewe akaniletea simu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na anajua ni wewe?"

"Asingekuwa anajua asingeniuliza kila jioni kwa nini nimenuna." Akarudisha simu kwenye mfuko wa aproni. "Sijanuna. Anataka tu kuona kama imeniingia."

Ikaenda hivyo wiki nane. Mimi nimeona ndoa za ugomvi, za vyombo kupasuka, lakini hii ilikuwa kimya. Mke yuko jikoni, mume yuko sebuleni, katikati kuna ukuta wa tofali moja. Mume anaandika: huyu muuzaji ana akili ya kuku. Simu ya mke inatetemeka kwenye aproni. Mke anafuta mikono, anajibu: Pole sana mteja wetu kwa usumbufu, tutakutumia seti nyingine bila malipo. Anasikia simu ya mume ikitetemeka juu ya meza ng'ambo ya ukuta. Kisha sauti ya mume, ya kawaida kabisa:

"Mke wangu, maji ya kuoga yamechemka?"

"Yamechemka."

"Asante."

Nyota zilianza kuanguka. Kutoka tano kasoro zikawa nne, zikawa tatu. Wateja wapya waliuliza hayo ya mtoto kuchapwa usoni ni kweli. Wengine waliacha kununua, wakahamia kwa wauzaji wa mbali. Soko lenyewe likamtumia onyo kwamba malalamiko yakizidi ukurasa utafungwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao waliohama aliyerudi kwenye kaunta ya Jaji.

"Mwambie unajua," nilimshauri. "Mkae chini mmalize."

Alikuwa anakata nyuzi za nguo kwa meno. Akatema kipande. "Nikimwambia ataacha," akasema. "Mimi sitaki aache. Nataka amalize yote aliyonayo."

Sikumwelewa siku hiyo.

Wiki iliyofuata alikaa hapa kwangu mchana kweupe, akaandika ujumbe, akaniomba nimkagulie herufi. Ulisema hivi: "Mteja wetu mpendwa, ili tushughulikie lalamiko lako, tafadhali tutumie video fupi ukipiga gitaa lililofungwa nyuzi zetu. Uso si lazima. Mikono na gitaa vinatosha."

"Hatatuma," nilimwambia. "Mkono wake anaujua."

"Atatuma. Yeye anaamini ni nyuzi." Akabonyeza.

Siku tatu duka la Jaji lilikuwa limefungwa, lakini mwenyewe alikuwa ndani. Nilimsikia. Alikuwa akipiga kipande kimoja tu, cha wimbo wa zamani, wa kubembeleza mtoto. Kilianza vizuri, mpaka nikaanza kuutingisha mguu, kisha kikafika mahali panapohitaji vile vidole viwili, kikaanguka. Akatukana nyuzi. Akaanza upya. Kikaanguka palepale. Siku ya tatu kikaanguka kama siku zote, nikamsikia akisema taratibu, "Sawa. Hapo sawa." Video ya mara hiyo ndiyo aliyoituma.

Ilikuwa ya dakika moja na nusu. Inaonyesha mikono na gitaa, na nyuma yake kipande cha kaunta. Kidole gumba cha kushoto kina kucha iliyopasuka katikati, alama ya ajali ya zamani. Vidole viwili vya mwisho vimesimama juu ya shingo ya gitaa, havishuki, na kila mkono unapohama vinakwaruza nyuzi. Mwisho sauti yake inasema kwa majivuno, "Mnasikia zinavyokoroma? Hizi ndizo nyuzi mnazouziwa."

Soko likampa muuzaji nafasi ya kuamua. Angeweza kurudisha fedha na lalamiko likaisha. Angeweza kulipinga. Au angeweza kuiweka video wazi kwenye ukurasa, wateja wengine waamue wenyewe.

Aliniambia kwamba kwa siku nzima hakuwa ameamua. Aliitazama mara nyingi akiwa ameizima sauti, kwa sababu wimbo ule Jaji alimpigia binti yao akiwa mchanga, kila jioni, mpaka mtoto asinzie. Alikuwa anaosha sufuria, simu imeegemezwa kwenye kikombe, aliposikia hatua. Akaigeuza. Jaji akasimama mlangoni na simu yake.

"Hebu sikiliza huyu mteja alivyowapa vidonge vyao wale wa mtandaoni," akasema, na akasoma kwa sauti lile lalamiko lake mwenyewe, kwa kituo, kama anasoma taarifa ya habari. Halafu akaongeza ambayo hayakuandikwa. "Anasema inaonekana nyuzi zimepangwa na mtu aliyezoea kukwangua masufuria. Mikono ya namna hiyo haifai kugusa kitu cha muziki." Akaitazama mikono ya mkewe iliyokuwa kwenye povu. "Mimi simjui huyo mteja. Lakini anajua anachosema."

Akaondoka. Mkewe akasuuza mikono, akaifuta kidole kwa kidole, akaiweka video wazi.

Kufikia saa sita mchana kesho yake ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa eneo letu. Mtu wa kwanza aliandika, "Mzee, tatizo si nyuzi." Wa pili aliitambua kaunta. Baada ya hapo walikuja wote. Mstaafu wa posta aliandika, "Vidole vinatafuta choo gizani," na ikaonekana alikuwa ameyahifadhi maneno hayo kwa miaka. Mwalimu alituma picha ya fungu la waya wa nondo. Muuguzi aliandika sentensi moja: "Huyu anahitaji daktari, si nyuzi." Mimi namfahamu, alikuwa anasema alichokiona, kama muuguzi. Watu wakaichukua kama utani, na ndiyo iliyochekwa kuliko zote.

Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikasimamisha cherehani, na nikawatumia watu watatu.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka, mlangoni kwa Jaji palijaa wateja. Walisimama kwenye kizingiti na magitaa yao. Mmoja akasema, "Mzee, piga tusikie." Jaji hakuelewa. Aliwatazama mmoja mmoja, akidhani wamekuja kununua, hata akaanza kutungua gitaa la ukutani. Kinyozi ndiye aliyevuka barabara, akamwonyesha simu.

Jaji aliitazama video yake mpaka mwisho. Kisha akasoma maoni, polepole, akisogeza kwa kidole cha kulia.

"Kwani sipigi vizuri?" akamuuliza kinyozi. Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

"Unapiga vizuri, mzee wangu," kinyozi akasema, na nyuma yake mtu mmoja akapasuka kicheko.

Nyumbani aliiweka simu mezani mbele ya mkewe. Mkewe ndiye aliyenisimulia haya, bila kuongeza chumvi, na sina sababu ya kutomwamini.

"Zinakoroma au hazikoromi?" Jaji aliuliza.

"Hazikoromi."

"Ni mimi?"

"Ni wewe. Mwaka wa nane huu."

Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka juu ya meza, akautazama kama kitu cha mtu mwingine alichokiokota. "Na ulikuwa unajua."

"Mimi ndiye ninayekufunga vifungo."

"Ulizitupa zote zile," mkewe akamwambia. "Kila wiki seti nzima. Mimi nilizikunja kwa mikono yangu, wewe ukazitupa, na hazikuwa na kosa."

"Ifute," Jaji akasema.

"Nitafikiria."

Aliifuta baada ya siku tano. Kufikia hapo ilikuwa imeshatoka kwenye ukurasa wake na kuzunguka kwenye makundi ya watu ambao hawajawahi kushika gitaa. Wengine walikuwa wameongezea sauti za mbuzi.

Dada yake Jaji alikuja kumchukua. Alifungasha nguo zake, akafunga gitaa kwenye shuka. Mlangoni akamgeukia wifi yake.

"Wifi, ungeweza kuifuta siku ileile."

"Ningeweza."

"Ukaacha."

"Nikaacha. Na yeye siku ya muuguzi angeweza kunyamaza."

Dada yake Jaji hakuwa anamjua huyo muuguzi, wala hakuuliza. Jaji alikuwa ameshakaa kwenye gari. Shati lake lilikuwa wazi vifungo viwili vya juu, na dada yake hakujua kwamba ndiye anayepaswa kuvifunga.

Duka lilichukuliwa na muuza makava ya simu. Nyuzi Sita ilirudi kwenye nyota tano kasoro, halafu ikakua kupita mwanzo, maana walioitazama video walitaka kujua hizo nyuzi zinauzwa wapi. Mke wa Jaji sasa ana meza yake hapa kwangu, ng'ambo ya cherehani. Ananilipa nusu ya pango. Tunakaa vizuri. Kuhusu mumewe, tunasikia tu. Dada yake anasema haongei sana, na gitaa lingali limefungwa kwenye shuka. Binti aliambiwa kwamba baba amekwenda kupumzika, mkono unamsumbua. Simu za Jumapili akawa anapiga kule.

Mwezi uliopita, siku ya kazi, saa tano asubuhi, akampigia mama yake. Mke wa Jaji alikuwa anafunga vifurushi, mikono yote miwili ina kazi, akaweka sauti ya nje.

"Mama," binti akasema, na alikuwa amelia. "Kuna video ofisini wanaonyeshana. Mtu anapiga gitaa vibaya. Nilicheka, mama. Nikawaambia waiweke tena, nikacheka tena. Mara ya tatu ndiyo nikaiona kucha ya baba."

Mke wa Jaji aliacha kufunga.

"Wenzangu hawajui. Wanaendelea kuiweka, wananiita nije nicheke." Akavuta pumzi. "Mama, ni nani aliyemfanyia baba hivi?"

Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Sikuinua kichwa.

"Watu wa mtandaoni," mama yake akasema.

"Mungu awalaani."

"Amina," akasema mke wa Jaji.

Akamwambia anywe maji, anawe uso, arudi kazini asije akaulizwa. Akakata simu. Akamalizia kifurushi alichokiacha, akaandika jina la mteja juu yake kwa herufi kubwa, akaniuliza kama mwenye pikipiki ameshapita.